Modemu ya ndani ya laptopu kwenye Linux: itafute kwenye sauti, si kwenye ttyS

*"Mimi ni fundi wa mitambo ya simu za ndani, PABX, na nahudumia hoteli nne huku pwani. Mitambo miwili ni ya zamani, na njia pekee ya kuiingia ukiwa mbali ni kuipigia simu kwa modemu. Nimenunua ThinkPad T42 ya mtumba kwa sababu ina tundu la simu, nikaiwekea Debian 12 ya biti 32. Nimeendesha wvdialconf, inasema hakuna modemu. Nimejaribu /dev/ttyS0 mpaka ttyS3 kwa minicom, kimya kabisa. Mwenzangu mmoja anasema modemu imeungua. Mwingine anasema Linux haizikubali modemu za ndani, nirudishe Windows XP. Nani yuko sahihi? Na je, nikiichomeka kwenye ekstensheni ya mtambo wenyewe ili nijaribu, kuna ubaya?"*

Fundi, naanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kukuunguzia modemu ambayo huenda bado ni nzima. Usiichomeke laptopu kwenye ekstensheni yoyote mpaka ujue ni ya aina gani. Mtambo mmoja huwa na ekstensheni za analogi, zile za simu za vyumbani na mashine ya faksi, na za dijitali, zile za simu kubwa ya mapokezi yenye skrini na safu ya vitufe. Plagi inaingia kote kuwili, ila umeme ni tofauti. Modemu imeundwa kwa laini ya analogi: kama volti 48 za DC simu ikiwa chini (mitambo midogo mingi hutoa pungufu ya hapo), kisha modemu ikiishika laini, volti zinaanguka sana na mkondo wa miliampea ishirini na kitu unapita. Tundu la dijitali halifungwi na kanuni hizo, na linaweza kusukuma mkondo ambao saketi ya modemu haiwezi kuuhimili. Chukua simu ya mezani ya bei ya chini kabisa, ichomeke, sikiliza. Ukipata mlio wa laini na ukaweza kupiga chumba kingine, hiyo ni analogi na hapo hapana ubaya.

Sasa wenzako wawili. Wa kwanza hana ushahidi, na wa pili amekosea nusu.

Modemu za nje za zamani, zile za kisanduku chenye taa, zilikuwa na kompyuta yao ndogo ndani. Chipu moja ilisoma amri za AT (maneno mafupi ya kuiamuru modemu), nyingine ilifanya hesabu ya kugeuza data kuwa milio na milio kuwa data. Kompyuta yako ilizionaa kama mlango wa serial tu, yaani wa kupitisha data biti moja moja, ndiyo maana zikakaa kwenye ttyS0 na wenzake. Modemu ya T42 haina hivyo vyote. Ndani yake mna kadi ndogo iitwayo MDC, yenye kigeuzi cha sauti na saketi ya kushika laini ya simu, basi. Kazi nyingine yote, kuanzia kuelewa ATDT (amri ya kupiga namba) mpaka kukokotoa milio, imeachiwa prosesa kuu na programu. Kwa hiyo, kwa macho ya Linux, hiyo ni kadi ya sauti iliyofungwa kwenye waya wa simu. Wvdialconf inapekua milango ya serial, na pale hapana kitu. Hata ungeijaribu ttyS30, ingekujibu kimya kile kile.

Anayekwambia urudi XP ana hoja kiasi: watengenezaji waliandika hiyo programu kwa Windows na wengi wao wakaishia hapo. Lakini kampuni ya Smart Link iliitoa yake kwa Linux pia, kwa jina la slmodem, na bahati nzuri kizazi cha T42 ni kimoja kati ya vile inavyovielewa vizuri.

Anza kwa kuuliza mashine ina nini. Andika `lspci -nn | grep -i modem`. Kwenye T42 utarajie mstari unaotaja 82801DB na AC'97 Modem Controller, wenye namba 8086:24c6. Hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi wazuri: kidhibiti hicho kiko ndani ya chipu ya mazabodi, hakiko kwenye kadi ya MDC. Kukiona kwenye lspci hakuthibitishi kwamba kadi ni nzima, wala hata kwamba ipo. Laptopu za mtumba hufunguliwa mara nyingi, na MDC ni kitu kinachong'olewa kirahisi.

Ushahidi wa kadi yenyewe unaupata hatua inayofuata. Pakia draiva kwa `sudo modprobe snd-intel8x0m`, kisha soma `cat /proc/asound/cards`. Mambo yakiwa sawa utaona kadi ya pili yenye jina ICH-MODEM, kwa kawaida namba 1, kwa kuwa sauti ya kawaida ndiyo 0. Ikiwa haikutokea, soma `sudo dmesg | tail -30`. Ukiona maneno "probe" na "failed" kwenye kifaa 0000:00:1f.6, kidhibiti kimetafuta kigeuzi kwenye MDC kikakikosa: kadi haipo, imelegea, au imekufa kweli. Kuna ujumbe mwingine, "MC'97 1 converters and GPIO not ready", unaowatia watu hofu bure. Hutokea hata kwenye mashine zinazofanya kazi, kwa hiyo usiitupe modemu kwa ajili yake.

Kadi ikishaonekana, jua kigeuzi chake ni cha nani. Ingia `/proc/asound/card1/`, humo kuna folda ya codec97#0 yenye faili linaloanza na mc97. Lisome kwa `cat`. Ukikuta Silicon Laboratory au kitambulisho kinachoanza na SIL, endelea kwa matumaini. Ukikuta CXT, hiyo ni Conexant, na slmodem haitakusaidia. Nitairudia hapo chini, kwa sababu ThinkPad za aina moja zilitoka kiwandani na MDC za watengenezaji tofauti, na jina la mashine peke yake halikuhakikishii lolote.

Kabla ya kusakinisha chochote unaweza kuipima saketi ya laini. Chomeka waya wa simu kwenye ekstensheni ya analogi, kisha andika `amixer -c 1`. Tafuta swichi iitwayo Off-hook, uiwashe kwa `amixer -c 1 sset Off-hook on`. Sasa ipigie ekstensheni hiyo kutoka simu nyingine. Ukisikia mlio wa "inatumika", modemu imeishika laini, yaani MDC iko hai na saketi ya simu inafanya kazi; wa kwanza kati ya wenzako ameshajibiwa. Ikiita tu kama kawaida, angalia kwanza waya mwembamba unaotoka kwenye MDC kwenda kwenye tundu, na uhakikishe hukuchomeka plagi ya simu kwenye tundu la mtandao, maana plagi ndogo huingia kwenye tundu kubwa bila kulalamika. Usisahau kuizima swichi kwa `off` ukimaliza.

Programu sasa. Fungua sehemu ya non-free kwenye orodha ya hazina za Debian, kisha `apt update` na `apt search sl-modem`. Ukipata sl-modem-daemon, isakinishe. Mpangilio wake uko `/etc/default/sl-modem-daemon`, ambapo unaandika kifaa (hw:1, yaani kadi ya sauti namba 1) na nchi. Usipoipata, tafuta chanzo cha slmodem 2.9.11 uikusanye (compile) mwenyewe. Sakinisha build-essential na libasound2-dev, ingia folda ya `modem`, andika `make SUPPORT_ALSA=1`. Neno hilo la ALSA, mfumo wa sauti wa Linux, usilisahau. Bila hilo programu itadai draiva yake ya zamani iitwayo slamr, na kuikusanya kwa kerneli za leo ni kujitafutia maradhi.

Katika chanzo hicho utakutana na faili liitwalo dsplibs.o. Humo ndimo kwenye hesabu zote za milio, na Smart Link waliliacha likiwa limeshakusanywa, la biti 32 za x86 tu, bila chanzo chake. Ndiyo sababu uamuzi wako wa kuweka Debian ya biti 32 ulikuwa wa busara, hata kama Pentium M haikukupa chaguo jingine. Baki hapo hapo kwenye Debian 12. Debian 13 haina tena kisakinishi wala kerneli ya biti 32 kwa mashine za namna hii. Kwenye mfumo wa biti 64 slmodem hufanya kazi pia, ila ukusanye kwa gcc-multilib na maktaba ya ALSA ya i386.

Iendeshe kwanza kwa mkono ili uone inavyosema:

`sudo slmodemd --alsa --country=USA --group=dialout hw:1`

Ikikubali itakwambia imetengeneza kiungo /dev/ttySL0 kwenda kwenye kimojawapo cha /dev/pts, na kwamba ukitumie hicho kama modemu. Hapo ndipo ule mlango uliokuwa unautafuta kwenye ttyS unapozaliwa. Hauko kwenye chuma, unaumbwa na programu, na ukibonyeza Ctrl+C unatoweka. Acha dirisha hilo wazi. Ikilalamika kwamba kifaa kinatumika, programu ya sauti ya mezani imekidaka. Amri `sudo fuser -v /dev/snd/*` itakuonyesha ni ipi. Na iendeshwe kama root, kwani inahitaji kipaumbele cha juu kwenye prosesa. Simu haisubiri: prosesa ikichelewa hata kidogo kupeleka sampuli, modemu ya upande wa pili inasikia pengo na kukata.

Kwenye dirisha jingine, jiongeze kwenye kundi la dialout (`sudo adduser` jina lako `dialout`, utoke na uingie upya), kisha `minicom -D /dev/ttySL0`. Andika AT. Ikijibu OK, kazi ngumu imekwisha.

Hapo achana na wvdial. Wvdial hupiga simu ili kuanzisha PPP, yaani kupata intaneti kwa mtoa huduma, na mtambo wako wa simu hauongei PPP. Unataka terminali tupu, na minicom ndiyo yake. Angalia kitabu cha mtambo kama mlango wa matengenezo unataka 8N1 (biti nane bila pariti) au 7E1 (biti saba na pariti ya shufwa). Ukiona jina la mtambo linatokea likiwa na herufi za ajabu katikati ya herufi sahihi, karibu kila mara ni hilo. (Siku ukiihitaji wvdial kwa PPP kupitia ttySL0, weka `Carrier Check = no` kwenye wvdial.conf, kwa sababu mlango huu wa kuumbwa hauna waya halisi wa kuonyesha kwamba mawasiliano yapo.)

Kupiga: ukiwa kwenye ekstensheni ya ndani, mlio wa laini wa PABX mara nyingi si ule wa laini ya nje, na modemu iliyowekewa nchi nyingine inaweza isiutambue ikakurudishia NO DIALTONE wakati wewe unausikia kabisa kwa simu ya kawaida. Dawa ni ATX3, inayoiambia ipige bila kusubiri mlio, huku ikiendelea kuutambua ule wa "inatumika". Orodha ya nchi unaipata kwa `slmodemd --countrylist`; yako ikiwamo itumie, isipokuwamo USA pamoja na ATX3 hutosha. Kama unatoka nje kwa 9, andika `ATX3DT9,,` ukifuatisha namba. Kila mkato ni kusubiri sekunde mbili, na mitambo ya zamani inauhitaji muda huo kupata laini ya nje.

Jaribio la kwanza lifanye ndani kwa ndani: laptopu kwenye ekstensheni ya analogi, ukipiga ekstensheni iliyofungwa modemu ya mtambo huo huo. Likifaulu, laptopu yako haina tatizo, na chochote kitakachokataa baadaye ukipiga kutoka mjini ni cha laini.

Na laini ndiyo itakayokusumbua kweli. Hapa nataka uwe mkweli na wateja wako. Mahali pengi waya wa shaba umeng'olewa au kuibwa, ukaja mkongo wa nyuzi. Kisanduku cha nyuzi kina tundu la simu na mlio wa laini kama kawaida, lakini ndani yake sauti inakatwakatwa vipakiti na kusafiri kama data. Sikio la binadamu halihisi kipakiti kimoja kilichopotea, ila modemu inahisi. Zaidi ya hapo, kama njiani sauti inabanwa kwa G.729, kanuni inayotupa sehemu ya sauti ili kuokoa nafasi, milio ya modemu inaharibika kiasi cha kutofufuka. Sauti inatakiwa ipite kwa G.711 isiyobanwa. Visanduku vinavyoingiza laini ya mkononi kwenye PABX ili kupunguza gharama ni vibaya zaidi, maana mbano wa sauti wa simu za mkononi ulitengenezwa kwa maneno ya mtu na hauwezi kubeba modemu. Kama moja ya hoteli zako inapokea simu za nje kwa njia hiyo tu, hakuna modemu ya ndani wala ya nje itakayokuokoa.

Ukikwama kwenye laini ya nyuzi, punguza tamaa ya kasi. Amri `AT+MS=132,0,4800,9600` inaifunga slmodem kwenye kiwango cha V.32bis, kati ya biti 4800 na 9600 kwa sekunde, badala ya kuiacha ihangaike na V.34 iliyo ya kasi zaidi. Kwa menyu za PABX 9600 ni kasi ya kutosha kabisa. Wala usisumbuke kutafuta zile 56K zilizoandikwa kwenye kadi: V.90, kiwango cha hizo 56K, inataka upande mmoja uwe umeunganishwa kidijitali na mtandao wa simu, kama walivyokuwa watoa huduma wa intaneti. Modemu mbili za analogi zikikutana, kilele ni 33,600.

Jibu la NO CARRIER baada ya milio kusikika lina maana zilipatana nusu zikashindwana; ongeza muda wa kusubiri kwa `ATS7=90`, shusha kasi, funga kila programu nyingine, na zuia prosesa isilale kwa `cpupower frequency-set -g performance`. NO CARRIER bila milio yoyote ni upande wa pili haukupokea, au umepokelewa na mtu wa mapokezi.

Hayo yote ni kwa MDC ambayo slmodem inaielewa. Ikiwa faili lile lilikuonyesha CXT, ushauri wangu unabadilika. Conexant ilikuwa na draiva ya Linux iliyotolewa na kampuni ya Linuxant: ya bure ilifungwa kwenye 14,400, ya kasi kamili ilinunuliwa, na haikwenda sambamba na kerneli mpya. Ningekuwa na mashine hiyo nisingepoteza Jumamosi yangu. Badilisha MDC kwa nyingine yenye kigeuzi cha Silicon Laboratory kama unaipata kwa mafundi wa laptopu za zamani, au hama kabisa.

Kuhama maana yake modemu ya nje ya USB yenye akili yake yenyewe. USR5637 ya USRobotics ni mfano mzuri: unaichomeka, kerneli inaitambua kwa draiva ya cdc_acm, inakaa /dev/ttyACM0, na minicom inaongea nayo pale pale, kwenye biti 32 au 64, bila slmodem. Vipo pia vile vidogo vyenye chipu ya Conexant CX93010 vinavyojitokeza kama ttyACM0. Jihadhari na vya Motorola SM56: ni vya programu kama ile ya ndani, na kwenye Linux havina draiva. Kabla hujalipa, omba uchomeke kwenye laptopu yako dukani na usome dmesg. Usipoona ttyACM0, rudisha kifaa mezani. Kwa fundi mwenye wateja wanaomtegemea, nakwambia wazi kwamba hii ndiyo njia ningeichagua ya kufanyia kazi kila siku, na ile ya T42 ningeiacha iwe ya akiba kwenye begi.

Laptopu za baadaye kidogo, zenye sauti ya HDA (mfumo uliochukua nafasi ya AC'97), zimehamisha mambo. Huko modemu ni kigeuzi cha pili kwenye kadi ile ile ya sauti, soma `/proc/asound/card0/codec#1`. Ikiwa ni Si3054, itajitokeza kwenye `/proc/asound/pcm`, mara nyingi kama kifaa cha 6, na unaiita `hw:0,6` badala ya `hw:1`. Nyingi ya nilizotaja za Conexant ziko kwenye kizazi hicho, kwa hiyo soma kitambulisho kabla ya kununua mtumba mwingine.

Kuna mahali pa kuacha kibodi na kuita mtu. Kama kadi haionekani hata baada ya modprobe, kuifikia MDC kunataka kufungua mashine, kung'oa betri kwanza, na kutovuta kile kiunganishi kidogo kwa pembe. Mpe fundi wa laptopu kama hujawahi. Kama laini ya nje ina mkwaruzo, au volti zake ulizozipima kwa mita simu ikiwa chini zinayumba, ripoti kwa kampuni ya simu waje kwenye nguzo. Ukipima, kumbuka simu ikiita laini hubeba kama volti 90 za AC, zinazotosha kukurusha mkono. Na masika yakianza huko pwani, ichomoe laptopu kwenye laini kila unapomaliza: radi hupita kwenye waya wa simu kirahisi kuliko unavyofikiri, na ndiyo inayoua MDC nyingi.